Waliomwona Kantengwa

"Mrudishie jogoo wake," Therese alisema. "Mrudishie sasa hivi, kabla hajamaliza chai."

"Zawadi inarudishwaje?" Xaveri aliuliza. "Mzee wa watu ametoka Nyakakika, amelala njiani, ameingia hapa na jogoo kwapani. Nimwambie nini? Kwamba jogoo wake amekonda?"

"Mwambie ukweli."

"Punguza sauti."

"Sipunguzi. Mashine ya Hatibu inasaga, hata nikipiga kelele hawasikii. Na wakisikia, afadhali."

Walikuwa wamesimama kwenye chumba kidogo kilichokuwa stoo ya maharage. Magunia yalikuwa yamesukumwa ukutani, na mezani ilikaa kompyuta, na kando yake skana ya kunakilia picha. Xaveri alipewa vyote viwili wakati shirika alilolifanyia kazi kwenye kambi ya wakimbizi lilipofungasha na kuondoka, badala ya mshahara wa mwisho. Waya wa umeme ulitokea nyuma ya meza, ukapita dirishani, ukaning'inia juu ya migomba hadi kwenye jenereta ya Hatibu, mwenye duka na mashine ya kusaga. Kimuli nzima iliujua waya ule. Watu waliamini kwamba ndio uliopeleka picha duniani.

Kwenye skrini alikuwapo mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyekaa wima kama watu wanavyokaa studio. Chini yake Xaveri alikuwa ameandika: *Kantengwa binti Nyirabahire. Mama yake anamtafuta.* Chini ya maneno hayo palikuwa na kisanduku cheusi, na ndani yake namba nyeupe: 412.

"Jana jioni mama aliniomba nimsomee, kama kila siku," Therese alisema. "Nikamsomea, mia nne kumi na moja. Hatibu akazima jenereta yake. Usiku kucha hapakuwa na umeme. Leo asubuhi umewasha, ikasoma mia nne kumi na mbili. Huyu mmoja ni nani, baba Auleria? Nani alikuja gizani kumtazama wifi yangu?"

Xaveri aliangalia kibodi.

"Ni wewe," Therese alisema. "Ulipofungua."

"Ndivyo inavyofanya kazi. Kila ukurasa ukifunguliwa, inaongeza moja."

"Ukifunguliwa wapi?"

"Hapa."

"Na Ulaya? Na Kigali?"

"Hapa tu." Xaveri alikaa juu ya gunia. "Ni seva ya nyumbani, Therese. Nimeisimika humu humu ndani ili nijifunze kutengeneza kurasa. Wale watu wa Mwanza nilioomba kazi kwao wanataka mtu anayejua, wakiniita nisiende mikono mitupu. Programu moja inaomba ukurasa, nyingine inautoa, lakini zote mbili zimo kwenye boksi hilo hilo. Sisi hata simu hatuna. Hiyo anwani unayoiona pale juu ni ya kompyuta kujiita yenyewe."

"Kwa hiyo inajipigia hodi na kujifungulia mlango."

"Ndiyo."

"Na picha zinafika kwenye unga wa Hatibu, basi."

"Hata huko hazifiki."

Therese alitaka kucheka, akashindwa. Alikuwa bibi shamba, mwenye diploma yake, na kila wiki aliwaeleza wakulima jambo lile lile mpaka waelewe. Lakini hili alilisoma kila jioni kwa mdomo wake mwenyewe, akimpa mama mkwe namba kama anayempa dawa, bila kuuliza imetoka wapi. Hilo ndilo lililomuuma.

"Sikumdanganya," Xaveri alisema. "Nilihitaji picha ya kufanyia majaribio. Nikaweka ya dada. Mama akaingia, akaona namba inapanda, akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya mara ukurasa ulivyotazamwa. Ni kweli. Kabla sijaendelea akawa amepiga magoti hapo, analia, anamshukuru Mungu. Ulitaka nimnyanyue na kumwambia hapana?"

"Siku hiyo, ndiyo. Halafu ukawaacha na wengine walete picha."

"Wamezileta wenyewe! Amewatangazia baada ya misa, mimi nifanyeje?"

Picha hizo zilikuwa ndani ya skana, kifudifudi juu ya kioo, sita zote, ya Kantengwa ikiwa chini kabisa. Xaveri alikwisha kuzinakili zamani, lakini wenyewe hawakutaka zitolewe. Walisema picha ikiondoka pale kiooni, mtu ataondoka duniani machoni pa watu. Nyirabahire aliutandika mfuniko kwa kitambaa alichokidarizi, na mtu akitaka kuufunua alimkemea. Wengi wao hawakuwa na picha nyingine.

"Gari la watafuta ndugu liko ofisi ya kata," Therese alisema. "Linaondoka leo mchana. Wamesema hawarudi tena huku. Wanataka jina, kijiji na picha waipige kamera, halafu wanavuka nazo mpaka. Wanaingia vijijini, wanauliza mtu kwa mtu. Jana nilimbembeleza mama aende. Unajua alinijibu nini?"

"Najua."

"Alisema, 'Nikapange foleni kulia mbele ya vijana, na mwanangu ameshaonwa na watu mia nne? Na nikimtoa pale kwenye kioo, hao wanaomtafuta sasa hivi watamkosa.' Na hao wenzake watano wamesema hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyejiandikisha."

"Nitamwambia kesho."

"Kesho gari halipo."

"Therese, mama sasa anakula. Umeona? Analala. Juzi nilimsikia anaimba akifua. Tangu vita ile iliyomkuta dada ng'ambo ya mpaka hajaimba." Xaveri aliinuka kutoka juu ya gunia. "Na mimi pia nimepata nafuu. Kule shuleni nilipokwenda kuomba vipindi waliniacha nje na wazazi wa wanafunzi mpaka jua likazama. Hapa mtu anatoka Bweranyange kwa miguu kunisalimia. Usinione mjinga."

"Sikuoni mjinga," Therese alisema. "Nakuona unamwibia mama yako mtoto mara ya pili."

*

Nje, kwenye benchi la ukutani, Nyirabahire alikuwa akimmiminia Polikarpi chai. Jogoo alifungwa mguu kwenye nguzo, anadonoa punje za mtama.

"Wako ameanza juzi juzi tu," Nyirabahire alisema. "Usione wivu. Ana hamsini na kitu. Wangu alianza hivyo hivyo."

"Gaudiosus ana sura mbaya," Polikarpi alisema kwa huzuni. "Tangu utotoni. Labda wanafungua, wanaona lile pua, wanafunga."

"Mawe, mama wee! Basi pua lenyewe ndilo litakalomrudisha. Nani atalisahau?"

Polikarpi alicheka mpaka akamwaga chai. Alikuwa kibarua wa kupalilia kahawa za watu, mikono yake mikubwa haikujua pa kukaa ikiwa haina jembe. Mdogo wake alivuka mto kwenda kwa wajomba mwezi ule ule mambo yalipoharibika.

"Dada," alisema, "wanaomtazama, wanaweza kumsemesha?"

"Hilo sijui. Nitamuuliza fundi wetu, Xaveri."

Hatibu alitokea kwenye migomba na sukari ya kupimwa kwenye karatasi, kofia imejaa unga. Babu yake aliletwa huku na biashara kutoka pwani, na yeye alizaliwa hapa hapa, lakini bado alizungumza kama mtu aliyefika jana.

"Shikamoo bibi. Mzee, salama? Leo Kantengwa kaamkaje?"

"Marahaba. Wewe ndiye utuambie, waya ni wako."

"Waya wangu mwaminifu huo! Unapeleka watu mbele na unarudisha salamu." Aliona uso wa Therese mlangoni, akaacha kucheka.

Therese alimvuta hadi jikoni. "Ulijua?"

"Kujua nini, shemeji? Mimi nasaga mahindi. Lakini mtu asiye na simu anawasiliana vipi na dunia? Hilo hata mke wangu Mwajabu aliniuliza siku ya kwanza."

"Na hukusema."

"Nimseme nani?"

"Wanakunywa chai kwako, wananunua sabuni kwako, wanalala barazani kwako. Utasemaje."

Hatibu alijifuta unga usoni. Neno lile lilimwingia. "Nauza, ndiyo," alisema. "Lakini nikwambie kitu. Marehemu mama alikuwa na kaka yetu aliyeondoka, asirudi. Alimngoja mlangoni mpaka akafa. Angepata kijinamba kama hiki cha bibi, kikapanda kidogo kidogo kila siku, angekufa anacheka. Mwache bibi wa watu. Nani anadhurika?"

Therese aliusukuma ukuni ndani ya moto.

"Kantengwa," Therese alisema. "Kama yu hai, anadhurika yeye. Yuko mahali anangoja aulizwe, na hakuna anayemuuliza. Gari bado lipo?"

Hatibu alitazama chini. "Nimepita sasa hivi. Wanakunja turubai."

"Mashine yako?"

"Gunia la mwisho hilo. Likiisha nazima, mafuta sina."

"Basi usizime mpaka nikwambie," alisema Therese, akatoka.

*

Aliwaita wote wawili ndani. Nyirabahire aliingia kwanza, akakirekebisha kitambaa juu ya skana kwa mazoea. Polikarpi alivua kofia kama anayeingia kanisani. Xaveri alisimama dirishani.

"Mama," Therese alisema, "leo wewe mwenyewe utafungua."

"Mimi? Nitaiharibu."

"Haiharibiki. Kaa."

Nyirabahire alikaa. Alimtazama binti yake usoni pale kwenye skrini, akatabasamu kama anayesalimiwa. Therese aliushika mkono wake, akakiweka kidole juu ya kitufe ambacho Xaveri hukitumia kuuita ukurasa upya.

"Inasema ngapi sasa? Nakusomea. Mia nne kumi na mbili. Bonyeza."

Bibi alibonyeza. Uso wa Kantengwa ulipotea, ukarudi taratibu, paji la uso kwanza, kisha macho, kisha kola ya gauni.

"Mia nne kumi na tatu," Therese alisema. "Huyu aliyemwona sasa ni nani?"

"Mtu. Huko."

"Bonyeza tena."

Alibonyeza.

"Mia nne kumi na nne. Tena."

"Wameamka wengi leo," Nyirabahire alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Sasa toa mkono, mama. Weka mapajani. Tungoje."

Wakangoja. Mashine ya Hatibu ilinguruma, jogoo akawika nje, akanyamaza. Namba haikusogea. Polikarpi alikuwa ameinama karibu na skrini, midomo inachezacheza. Wakangoja mpaka Xaveri akashindwa kuvumilia, akageuka kutazama migomba.

"Bonyeza wewe, mzee," Therese alisema.

Polikarpi alibonyeza kwa kidole kimoja kinene. Mia nne kumi na tano. Alirudi nyuma kama aliyeungua.

Nyirabahire aliutazama mkono wake mapajani, akautazama na waya ulioingia dirishani.

"Asubuhi namfungua," alisema polepole, kama anayehesabu vitu vilivyopotea. "Namwambia Xaveri, nifungulie nimwone. Nikirudi shamba, tena. Jioni kabla ya kuzima, tena. Wakija wageni nawaonyesha." Alinyanyua macho. "Hao wote ni mimi."

"Ni wewe, mama. Na sisi humu ndani."

"Mia nne wote, mimi."

"Ndiyo."

Alimgeukia mwanawe. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza."

"Nilipokuwa nimepiga magoti hapa."

"Ndiyo."

"Ukanitazama."

Hakulia na hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha. Xaveri alianza kueleza habari za Mwanza, kwamba huko iko intaneti yenyewe, kwamba atabeba kurasa zote kwenye disketi, kwamba siku moja namba itakuwa ya watu wa kweli. Mama yake alimwacha azungumze mpaka maneno yakamwishia.

Polikarpi alikohoa. "Naomba picha yangu," alisema, akimtazama Therese tu. Kisha, baada ya kusita, akaongeza, "Na jogoo."

Xaveri alitoka nje mwenyewe kumfungua. Wateja wa Hatibu, wamekaa juu ya magunia yao, walimwona fundi amechuchumaa kwenye nguzo akihangaika na fundo la kamba, jogoo akimpiga mbawa za uso. Mmoja aliuliza kama kompyuta imemkataa jogoo. Wakacheka. Hakuwajibu. Alirudi na jogoo, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili, na Polikarpi akampokea bila kusema asante.

"Mama Auleria!" Hatibu aliita toka ng'ambo ya migomba. "Wanapakia meza! Na mafuta yanakata!"

Nyirabahire bado alikuwa amekaa. Therese alijizuia kumshika bega. Alishasema yote aliyokuwa nayo, lililobaki halikuwa lake.

"Wale vijana wa gari," Nyirabahire alisema, "wakienda kumuuliza, wakaambiwa amekufa, watakuja kuniambia?"

"Watakuja. Au wataleta barua kwa padri."

"Hii haiwezi kuniambia amekufa."

"Hapana, mama. Hii haiwezi kukuambia kitu chochote."

Bibi alikionyesha kile kisanduku cheusi. "Xaveri. Hizo namba zitoe."

Xaveri aliinama juu ya kibodi. Alifungua faili dogo lililotunza hesabu, akafuta tarakimu zote tatu, akaandika sifuri, akahifadhi. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kile kitufe ili amwonyeshe.

"Usifungue," mama yake alisema. "Ukifungua nitakuwa mimi tena. Iache hivyo mpaka mtu mwingine atakapomwona."

Jenereta ikakohoa mara mbili, ikazima. Skrini ikawa nyeusi, Kantengwa akaondoka, na kelele ya mashine ya kusaga ilipokufa wakasikia, mbali kule ofisi ya kata, injini ya gari ikiwashwa.

Nyirabahire alisimama. Alikivuta kitambaa alichokidarizi, akakitupa juu ya maharage. Akafunua mfuniko wa skana kwa mikono yake. Picha zilikuwa zimegandamana kidogo kwa joto, akazibandua moja moja, akampa Polikarpi ya Gaudiosus, akampa Therese zile nne za wengine, na ya chini kabisa akaifuta kwa upindo wa kanga na kuibana kifuani. Alikuwa peku. Hakungoja kandambili.

"Chukua baiskeli," Therese alimwambia mumewe. "Tangulia. Lala barabarani ikibidi."

Xaveri alichukua baiskeli.

*

Hakulala barabarani, lakini alisimama katikati na baiskeli ameilaza mbele ya magurudumu, na dereva alikuwa akimtukana waliposikika wengine wanakuja. Wa kwanza alikuwa bibi asiye na viatu. Nyuma yake alikuja kibarua na jogoo kwapani, halafu bibi shamba na picha nne mkononi, na nyuma kabisa Hatibu, mwenye unga mpaka kwenye nyusi, anahema na kupunga kofia.

"Tumefunga, bibi," alisema karani wa gari, kijana mwenye shati la mikono mirefu, kutoka dirishani. "Siku mbili tulikuwa hapa. Mlikuwa wapi?"

Therese alifungua mdomo. Nyirabahire alimwahi.

"Tulikuwa nyumbani tunamtazama," alisema. "Fungua."

Kijana alimtazama yeye, akatazama miguu yake, akamtazama na mtu aliyelaza baiskeli. Alishuka. Hakuna aliyeshusha meza, aliweka karatasi zake juu ya boneti yenye moto. Aliuliza jina la aliyepotea, la baba yake, la kilima cha kijiji alikoolewa, majina ya watoto. Nyirabahire alijibu yote bila kusita. Therese alisimama nyuma, akipanga kichwani majina ya wale wanne na vijiji vyao. Xaveri alibaki amesimama pale pale katikati ya barabara.

"Mara ya mwisho alionwa na nani?" karani aliuliza.

"Na mimi," Nyirabahire alisema. "Nilimsindikiza mpaka kivukoni, Noeli kabla ya vita, mtoto yuko mgongoni. Akageuka akanipungia mkono. Hakuna mwingine aliyemwona. Andika."

Akaitoa picha kifuani, akampa.